Maji Meusi ya Karatasi Nyeupe

Msafiri aliyetoka Eldoret kwenda Malaba katika miaka ile ambayo kiwanda cha karatasi cha Webuye kilikuwa kikifanya kazi usiku na mchana hakuwa na haja ya kusoma kibao cha njiani wala kumwuliza utingo wamefika wapi, kwani kabla paa la kwanza la mji halijaonekana, harufu ya mji ilikuwa imekwisha kumlaki: harufu ya mayai viza iliyochanganyika na ya kabichi iliyochacha, ambayo mgeni aliizibia pua na mwenyeji, kwa mazoea, alikuwa haisikii tena. Wenyeji waliilalamikia miaka mingi, na pamoja nayo wakayalalamikia mabati yao, ambayo walisema huliwa na kutu kabla ya wakati wake. Lakini harufu, hata iwe mbaya namna gani, huchukuliwa na upepo. Kilichokuwa kikitoka kiwandani kwa kimya, kikapita katika mabwawa yaliyochimbwa makusudi na kisha kuingia katika mto Nzoia, ni maji. Na habari ya maji hayo, yaani yametoka wapi, yamebeba nini, husafishwaje, na kwa nini baadhi yake huweza kurudishwa kazini na mengine hayawezi, ndiyo nitakayo kuisimulia hapa, maana ni habari ambayo aghalabu huachiwa wahandisi peke yao, ilhali wanaoyateka maji ya mto si wahandisi.

Kiwanda kile kilianza kutoa karatasi mwaka 1974, nacho hakikuwekwa kando ya Nzoia kwa ajili ya uzuri wa maporomoko yake. Kiwanda cha namna hii hakikai pasipo mto. Hata nduguye wa Tanzania, kiwanda cha Mgololo huko Mufindi, alipewa mahali pake karibu na misonobari ya Sao Hill kwa upande mmoja na maji ya mto Kigogo Ruaha kwa upande wa pili. Sababu ni kwamba karatasi ni mtoto wa maji zaidi ya vile ilivyo mtoto wa mti. Rojo linalomwagwa juu ya wavu wa mashine ili ligeuke karatasi halina nyuzi za mti zaidi ya sehemu 1 katika 100, na mara nyingi ni nusu ya hiyo, hata kilo moja ya nyuzi, ili ilale wavuni sawasawa bila ya kushikamana mabonge, hutakiwa itandazwe kwa kilo 100 mpaka 200 za maji. Zamani maji hayo yaliingia kwa mlango mmoja yakatoka kwa mwingine, na viwanda vya kale vilikunywa meta za ujazo 200 na zaidi kwa kila tani ya karatasi. Leo kiwanda chema kinachopika mti na kung'arisha rojo lake hutoa baina ya meta 25 na 50, na kile kinachofanya karatasi za maboksi kwa kuyeyusha karatasi kuukuu huweza kushuka chini ya 10. Wengi hudhani kwamba tofauti hiyo imeletwa na mtambo wa ajabu uliofungwa mwishoni mwa bomba, pale maji yanapoukuta mto. Sivyo. Sehemu yake kubwa imetokana na kuziba mianya jikoni, na mtu asiyelijua jiko la karatasi hawezi kuyahukumu maji yake.

Basi na tuingie jikoni. Mti, ukiutazama kwa jicho la mkemia, umejengwa kama nyumba ya udongo ya pwani: kuna fito, nazo ni nyuzi za selulosi, na kuna udongo uliokandikwa baina ya fito, nao ni gundi ngumu iitwayo lignini, ambayo peke yake hufika kama robo ya uzito wa mti mkavu. Mwenye kutaka karatasi hutaka fito tu, wala udongo haumfai, kwa hiyo hana budi kuibomoa nyumba bila ya kuzivunja fito zake. Hufanya hivyo kwa kupika. Magogo hukatwakatwa vipande vidogo, vikatiwa katika chungu cha chuma kirefu kama mnara pamoja na kostiki soda na dawa nyingine iliyotokana na soda na kibiriti upele, na joto likapandishwa hata kukaribia digrii 170. Njia hii ilivumbuliwa na mkemia Carl Dahl mjini Danzig mwaka 1879, na Wajerumani wakaiita kraft, maana yake nguvu, kwa vile karatasi yake haikubali kupasuka ovyo. Mfuko wa saruji aubebao kuli begani ni karatasi ya ukoo huo. Na ile harufu ya Webuye ni ya kibiriti upele kilichokutana na mti ndani ya chungu hicho.

Upishi ukiisha, takriban nusu ya mti imebaki kuwa nyuzi za kahawia, na nusu ya pili haionekani tena: imeyeyuka pamoja na dawa zote, ikawa maji meusi kama lami, ya moto, makali, yenye kunuka. Tuseme kiwanda kikayaachia maji hayo yashuke mtoni. Kwa kila tani moja ya rojo kitakuwa kimemwaga zaidi ya tani moja ya uchafu mkavu, na mto hautahimili. Hapa ndipo palipo na hikima kubwa ya sanaa hii, tena hikima iliyotokana na ubahili zaidi ya huruma, maana dawa za kupikia ni ghali na hakuna tajiri apendaye kununua soda kila siku kwa ajili ya kulisha samaki. Maji meusi, ambayo yakitoka kuoshwa huwa na yabisi kama sehemu 15 tu katika 100, hupitishwa katika mlolongo wa vyombo vya kuyakausha, ambamo mvuke unaofuka katika chombo cha kwanza ndio unaokipasha moto cha pili, na wa cha pili ukakipasha cha tatu, hata moto mmoja ukafanya kazi ya mioto mitano au sita. Yakisha kuwa mazito kama asali, yabisi zikiwa 65 mpaka 80 katika 100, hunyunyizwa ndani ya tanuri kubwa, na hapo, jambo ambalo mwenye kuliona mara ya kwanza huliajabia, yale maji huwaka. Lignini, udongo ule usiotakiwa, ni kuni nzuri mno. Mvuke unaotokana na moto wake huendesha mashine za kiwanda na kuzalisha umeme, na chini ya tanuri huchuruzika majivu yaliyoyeyuka, mekundu kama chuma cha mhunzi, ambayo si kitu kingine illa zile dawa za soda zilizotiwa chunguni siku ya kwanza. Huzimuliwa kwa maji, zikachanganywa na chokaa, zikarudi kuwa kali kama zilivyokuwa. Na chokaa yenyewe, ikisha kutumika, huchomwa katika tanuri lake ikatumika tena. Tanuri la namna hii lilikamilishwa na G. H. Tomlinson huko Canada katika miaka ya 1930, na kiwanda kinachoijua kazi yake hurudisha kwa njia hiyo sehemu 95 na zaidi katika kila 100 za dawa zake.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu watu wanapotaja kusafisha maji taka hufikiri habari ya mabwawa na mabomba, ilhali usafishaji mkubwa kuliko wote katika kiwanda cha karatasi hufanywa na moto, kabla tone moja halijaliona bwawa. Fauka ya hayo, kila weusi unaobaki katika nyuzi baada ya kupika hautafika tanurini bali utafuata maji ya mfereji, na kwa hiyo kuosha rojo ni kazi yenye thamani sawa na kulipika. Huoshwa kwa utaratibu anaoujua kila mama aliyepata kuteka maji kisima cha mbali: maji safi hayamwagwi juu ya chombo chenye masizi, bali husuuza kwanza kilichokaribia kutakata, na maji yale yale ya kusuuzia ndiyo yanayorudishwa nyuma kuoshea kilicho kichafu. Rojo huja mbele na maji hurudi nyuma, vikakutana njiani, na maji yakifika mwisho wa safari yamekuwa meusi ya kutosha kupelekwa kukaushwa. Kiwanda ambacho pampu zake zinavuja, ambacho hakina hodhi la kupokea maji meusi yanapofurika kwa ghafula, huharibu kwa saa moja kazi ya mwezi mzima, kwa kuwa kumwagika kumoja kukubwa huua kila kilicho hai katika mabwawa yaliyo chini yake. Na kwamba mabwawa yana vitu hai, nitalieleza sasa hivi.

Kabla ya huko kuna maji mengine, yale yanayochuruzika chini ya mashine ya karatasi, ambayo mafundi huyaita meupe, kwa kuwa yamebeba nyuzi ndogondogo na unga wa udongo mweupe ama wa chokaa unaotiwa kuilainisha karatasi. Hayana uchafu mzito kama meusi, lakini ni mengi mno, na kuyamwaga ni israfu maradufu, maana pamoja na maji hupotea nyuzi ambazo mwenye kiwanda amekwisha kuzigharimia msituni, barabarani na chunguni. Basi mengi yake hurudi papo hapo kulizimua rojo jipya, na ziada hupelekwa ama katika vichujio vya magurudumu, ama katika hodhi linalopuliziwa viputo vya hewa vidogo mno, ambavyo hujishikiza katika nyuzi vikazipandisha juu kama povu la chungu cha wali, nazo zikaenguliwa na kurudishwa kazini. Maji yanayobaki, yakiwa safi ya kutosha, hurushwa kuoshea nyavu za mashine mahali pa maji ya mto. Nasema ya kutosha nikikusudia, kwani vitundu vya kurushia maji ni vyembamba kama tundu za sindano, na unyuzi mmoja ukiziba, wavu huchafuka, karatasi hukatika, na mashine husimama; na mashine iliyosimama humtia meneja homa. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, wakafungua bilula ya maji mapya ya mto, na hesabu nzuri za mhandisi zikaharibiwa na mkono mmoja wa fundi wa zamu ya usiku.

Hata hivyo, kiwanda kiwe na uangalifu gani, hubaki maji ambayo hayana budi kutoka. Kwanza hutulizwa katika hodhi la mviringo, ambamo mchanga, magome na nyuzi zilizotoroka hutua chini zikakwanguliwa. Kazi hii ni nyepesi na haina haja ya maneno mengi. Kazi ngumu ni ile ya kuondoa kilichoyeyuka, yaani sukari za mti, asidi zake na vileo vyake, ambavyo havitui chini wala havichujiki, na ambavyo ukivitazama kimoja kimoja si sumu kali. Mtu akiona samaki wanaelea tumbo juu chini ya kiwanda husema wamelishwa sumu. Huenda ikawa kweli, lakini mara nyingi wamekufa kwa kukosa pumzi. Maji yenye joto la digrii 25 hayawezi kushika oksijeni zaidi ya miligramu 8 hivi katika lita moja, nayo ndiyo akiba yote waliyo nayo samaki, kaa na konokono. Vijidudu vya mtoni vikiletewa karamu ya sukari huzaana kwa maelfu ya maelfu, vikaivuta akiba ile katika kula kwao, na samaki asiye na pa kukimbilia hutwetea juu ya maji mpaka akafa.

Kwa sababu hiyo, wataalamu hawakuridhika kuupima uchafu kwa mizani tu, bali huupima kwa pumzi ambayo ungeunyang'anya mto. Chupa ya maji taka yaliyozimuliwa huwekwa gizani kwa siku 5 katika joto la digrii 20, kisha ikatazamwa ni oksijeni kiasi gani imeliwa. Kipimo hiki kilitiwa nguvu na Tume ya Kifalme ya Uingereza katika ripoti yake ya mwaka 1912, na husemwa kwamba siku 5 zilichaguliwa kwa kuwa hakuna mto wa Uingereza unaokawia zaidi ya hapo kufika baharini. Nasi tukaipokea saa hiyo ya mito ya baridi tukaipimia Nzoia, ambayo ni ya joto, na ambayo haifiki baharini bali huishia katika Ziwa Viktoria, ambako maji hayana haraka ya kwenda popote! Walakini kipimo ni kipimo, na ni heri kuwa nacho. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 na za Tanzania za mwaka 2007 zilikubaliana katika jambo hili: maji yanayotoka kiwandani kwenda mtoni yasidai zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita. Maji ya kiwanda cha karatasi, kabla hayajasafishwa, hudai mamia.

Dawa iliyopatikana si ya kuwazuia wale vijidudu wasile, bali ya kuwahamishia karamu yao kutoka mtoni kuja ndani ya ua wa kiwanda. Hujengwa mabwawa mapana, yakawekwa mashine za kuyapiga maji hata yakarukaruka na kuchukua hewa, na bakteria wakaachiwa wale watakavyo, siku baada ya siku, mpaka maji yakitoka pale hayana tena cha kuliwa. Ndiyo njia iliyofuatwa Webuye, nayo hufaa penye ardhi kubwa na fedha kidogo. Penye ardhi haba hutumika njia ya Edward Ardern na William Lockett, waliogundua mjini Manchester mwaka 1914 kwamba tope linalotua baada ya kazi hii limejaa bakteria walio hai na wenye njaa, na kwamba ukilirudisha katika hodhi la mwanzo, kama mwokaji anayebakiza hamira ya leo kwa unga wa kesho, kazi iliyokuwa ya siku nyingi humalizika kwa saa chache. Viwanda vya karatasi kuukuu, ambavyo maji yake yana wanga mwingi, huanza kwa bakteria wasiotaka hewa kabisa, wanaofanya kazi katika mapipa yaliyofungwa na kutoa gesi ya kuchomea. Njia hiyo iliendelezwa na Gatze Lettinga huko Uholanzi katika miaka ya 1970, na faida yake ni kwamba uchafu hujilipia sehemu ya gharama zake wenyewe.

Lipo jambo moja katika habari hii ambalo kila nikilifikiri hunichekesha. Mti una sukari tele lakini hauna naitrojeni wala fosforasi ya maana, na bakteria, kama mtoto anayelishwa muhogo mtupu, hawawezi kukua kwa sukari peke yake. Kwa hiyo mabwawa ya kiwanda cha karatasi, tofauti na yale ya majitaka ya mji, hutiwa mbolea: yurea na asidi ya fosforasi, kwa hesabu ya sehemu 5 za naitrojeni na 1 ya fosforasi kwa kila 100 za oksijeni inayodaiwa. Mkulima wa jirani anahesabu vikombe vya yurea kwa mahindi yake, na ng'ambo ya ua mfuko ule ule unamwagiwa vijidudu. Tena si jambo la kufanywa kwa kukisia. Ikipungua, bakteria hurefuka nyuzinyuzi wakakataa kutua, na tope likafuata maji nje. Ikizidi, mbolea huenda na mto hadi ziwani ikalisha magugu maji, na wavuvi wa ziwa wanayajua magugu hayo kuliko nitakavyoweza kuwaeleza.

Sasa tuseme kila jambo limekwenda vizuri, karamu imekwisha, tope limetua, na maji yanatoka yakiwa na pumzi ya kutosha. Mwanakijiji aliye chini ya mto akiyatazama ataona rangi ya chai kavu, naye atasema kwamba amedanganywa. Hakudanganywa, lakini macho yake yameona kitu kimoja na kuacha kingine. Rangi ile ni ya mabaki ya lignini, ambayo bakteria huila kwa shida kubwa, na kuiondoa hutaka shabu na dawa nyingine za kuigandisha, zenye gharama na zenye kuacha tope jingi. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wametufundisha kuyatazama maji mengi, yale yaliyofika kulateni, kwa sifa tatu, rangi, ladha na harufu, kwamba yakiingiwa na najisi pasibadilike hata moja ya hizo, hubaki katika utohara wake. Ni kanuni nzuri kwa kazi yake, nayo imewahifadhi watu wengi kwa karne nyingi. Ila haikuwekwa kwa ajili ya jiko la karatasi, ambamo kilicho kibaya kuliko vyote hakina rangi, wala ladha, wala harufu. Sisemi kwamba rangi haina neno, kwani huwazuilia mimea ya mtoni mwanga wa jua na kuharibu nguo za mfuaji. Nasema kwamba si mshitakiwa wa kwanza.

Mshitakiwa wa kwanza, kwa miaka mingi, alikuwa klorini, iliyotumika kuifanya karatasi iwe nyeupe. Katika miaka ya 1980 ilidhihirika huko Marekani na Ulaya ya kaskazini kwamba klorini ikikutana na mabaki ya lignini huzaa, pamoja na mambo mengine, dioksini, sumu inayodumu katika mafuta ya samaki na ya mwenye kumla samaki, kwa kiasi kidogo kisichoweza kuonekana wala kunuswa. Na kabla ya hapo kulikuwa na msiba wa Dryden, katika jimbo la Ontario huko Canada, ambako mtambo uliotengeneza klorini kwa ajili ya kiwanda cha karatasi ulimwaga baina ya mwaka 1962 na 1970 zebaki ipatayo tani 9 katika mto Wabigoon, na wenyeji wa asili wa Grassy Narrows, waliokuwa wakiishi kwa kuvua samaki chini ya mto ule, wakapatwa na maradhi ya kutetemeka na kupotewa na hisi za viungo, ambayo athari zake zingali katika jamaa zao hata leo. Hakuna bwawa, liwe pana namna gani, litakaloiondoa zebaki kwa kuipigia hewa. Viwanda vikalazimika kurudi tena jikoni: klorini tupu ikatolewa, ikawekwa klorini dioksaidi, na wengine wakaiacha jamii yote ya klorini wakang'arisha kwa oksijeni, ozoni na haidrojeni peroksaidi. Maji ya kung'arishia yasiyo na klorini yana fadhila ya pili, kwamba yanaweza kurudishwa nyuma hadi tanurini bila ya kuozesha chuma chake.

Msomaji makini ameshaliandaa swali lake: ikiwa mengi yanarudi, kwa nini yasirudi yote, bomba likazibwa na mto ukaachwa na maji yake? Jawabu ni chumvi. Mti huja na chumvi zake kutoka ardhini, na dawa nazo zina za kwao, na maji yakizunguka bila ya kutoka huwa kama mchuzi unaochemshwa na kuongezewa maji kila siku bila chungu kuoshwa: chumvi hujilimbikiza, mabomba hujaa magamba, chuma huliwa, utelezi wa bakteria huota katika kila pembe, na karatasi yenyewe hutoka ikinuka. Urusi walijionea. Kiwanda cha Baikalsk, kilichojengwa ukingoni mwa Ziwa Baikal na kuanza kazi mwaka 1966, kiliamriwa kuyazungusha maji yake bila ya kuyatoa. Mwaka 2008 mzunguko ukafungwa, na kiwanda, ambacho katika hali ile hakikuweza kufanya rojo jeupe lililokuwa riziki yake, kikasimama. Mwaka 2010 serikali ikakiruhusu kumwaga tena, na mwaka 2013 kikafungwa moja kwa moja, kikiacha nyuma yake mabwawa ya tope la lignini lipatalo tani milioni 6, ambalo mpaka sasa linawaumiza watu vichwa.

Waliofaulu ni wale waliokumbuka kwamba mwili wa mtu nao huzungusha damu ile ile maisha yake yote, lakini una figo. Huko Zülpich, Ujerumani, kiwanda cha karatasi za maboksi kimefunga mzunguko wake, na katikati ya mzunguko kimeweka mitambo ya bakteria, kwanza wasiotaka hewa, kisha wanaoitaka, ambayo kazi yake ni kuyachuja maji yanayopita, kama figo, ili yarudi mashineni. Huko Meadow Lake, katika jimbo la Saskatchewan huko Canada, kiwanda cha rojo kilichoanza mwaka 1992 hukausha maji yake yote, kikaurudisha mvuke uliotoneshwa kuwa maji safi, na kilichobaki kikakigandisha kuwa yabisi. Lakini wa kwanza hapiki mti, na wa pili hatumii klorini wala hapiki kwa njia ya kraft. Kwa chungu cha namna ya Webuye na Mgololo, zile meta 25 nilizozitaja za viwanda vyema si aibu, maadamu yanayotoka yamekwisha kunyimwa madhara yake.

Webuye yenyewe ilipata jaribio ambalo laiti lingeendelezwa. Kabla ya kiwanda kusimama mwaka 2009, watafiti walijenga kando ya mabwawa yake vijaruba vya changarawe, wakapanda matete, mafunjo na jamii nyingine za majani ya kinamasi, wakayapitisha humo maji yaliyokwisha kutoka mabwawani, ili waone kama mizizi na bakteria wanaoishi mizizini wangeweza kuondoa fenoli, uchafu mkaidi unaotokana na lignini. Waliweza kuipunguza. Mafunjo, mmea ambao Wamisri wa kale waliufanyia karatasi zao, ukawa unaosha maji ya karatasi yetu. Vijaruba vya namna hiyo hutaka eneo kubwa, wala havitamwokoa mtu ambaye jiko lake linavuja. Lakini kwa kazi ya mwisho, ya kumalizia kilichoshinda mabwawa, katika nchi ambayo mafunjo huota bila ya kupandwa, sioni sababu ya kuvidharau.

Kiwanda kiliuzwa mwaka 2016 kwa wenyewe wengine. Kwao, kwa wenziwao wa Mgololo, na kwa mamlaka zinazowasimamia wote, nina ombi dogo lisilohitaji mtambo wala mkopo. Kile kipimo cha siku 5, ambacho kanuni nilizozitaja zilitaka kisizidi 30, huandikwa katika daftari, na daftari hufungwa kabatini. Kiandikwe vilevile katika ubao langoni mwa kiwanda, na ubao wa pili uwekwe chini ya mto pale watu wanapoteka maji, kwa Kiswahili, kwa tarakimu kubwa, pamoja na tarehe ambayo maji yalichukuliwa.